Tulivyomlilia Njombe

Mpaka leo sijui sura yake. Ninajua kikohozi chake, ninajua mlango wake wa jikoni ulivyokuwa ukikwaruza sakafu ukifunguliwa, ninajua kwamba alivuta pumzi kabla ya kusema neno zito na kwamba maneno mepesi yalimtoka yenyewe. Lakini ungenipangia mezani picha za wanawake wote wa Njombe, nisingemtambua. Katika kundi letu hatukuonyeshana sura. Mmoja aliweka picha ya ua, mwingine mstari wa maandiko, mwingine mtoto mzuri ambaye sidhani alikuwa wake. Yeye aliweka picha ya kiazi.

Lilikuwa kundi la kwenye simu, la wanawake wenye kansa ya titi kutoka mikoa mbalimbali. Mwanzilishi wake alikuwa nesi mstaafu ambaye naye aliugua akapona, na alinikuta kwenye benchi la hospitali kubwa, mbali na kwetu, siku niliyopewa majibu. Aliniomba namba ya simu kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, nikampa. Kwenye kundi tuliitana kwa miji yetu, kwa sababu wengi tulikuwa hatujasema nyumbani. Kulikuwa na Tabora aliyelalamika kuanzia asubuhi, kulikuwa na Mtwara aliyeandika kila kitu kwa herufi kubwa, na kulikuwa na Njombe. Mimi nilikuwa Babati.

Ninakaa Maisaka, hapa Babati mjini, na kazi yangu ni kushona. Cherehani iko barazani, ninashona sare za shule, magauni ya kipaimara, mapazia ya watu waliomaliza kujenga. Mume wangu ni fundi wa pikipiki, ana kibanda chake njia ya kwenda Singe. Mtaani kwetu yeye peke yake ndiye aliyejua ugonjwa wangu. Wengine tuliwaambia kwamba nilipasuliwa uvimbe tumboni, na kwamba safari zangu za mara kwa mara ni za kumuuguza shangazi. Shangazi huyo hakupona wala hakufa. Aliombewa sana, maskini, na hata hakuwepo.

Niliificha kansa kwa sababu ya Bibi. Bibi ni jirani yangu, uzio wake na wangu ni mmoja. Ni mjane, aliteremka kutoka Mbulu akiwa bi harusi na hajawahi kutusamehe sisi wa mjini kwa kukosa adabu za kule juu. Kwenye misiba ya mtaa wetu yeye ndiye mkubwa wa wanawake. Sufuria haiinjikwi mpaka yeye aseme, na ukikata vitunguu vibaya anakunyang'anya kisu bila kukutazama. Miaka ya nyuma, kabla sijaugua, mwanamke mmoja wa Nangara alikatwa titi, na habari zake zikafika barazani kwangu wakati Bibi anachambua maharage. Akasema ugonjwa ule hauji bure, ukiona umeingia kwenye nyumba ujue umeitwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua imechelewa, akaendelea na maharage yake. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, ningeweza kumjibu, ila wakati ule kifua changu kilikuwa kizima na yale hayakunihusu. Yaliponihusu, niliapa kwamba Bibi hatajua. Hata nikifa, aambiwe ni tumbo.

Dawa za dripu zilikuwa zinanilaza. Nikirudi kutoka hospitali nililala mchana kutwa, pazia limeshushwa, na dunia ilinijia kwa masikio tu: pikipiki zinapita, kengele ya shule, njiwa wanatembea juu ya bati kwa kucha zao. Chumba kilikuwa kinaelea. Kuna wakati kitanda kilitoka mlangoni taratibu, kikapita juu ya mashamba ya mahindi, kikaenda kutua ziwani katikati ya matete, na viboko wakanitazama kwa macho yao madogo bila kunilaumu. Nilijua kabisa kwamba niko nyumbani. Nilijua pia kwamba niko ziwani, na mambo hayo mawili hayakugombana.

Katika hali hiyo ndipo sauti yake iliponifikia mara ya kwanza, kutoka kwenye simu iliyokuwa juu ya mto, karibu na sikio langu.

"Kamwene, Babati," ilisema. "Nasikia dripu imekulaza. Usipigane nayo. Iache kama unavyomwacha mgeni mlevi, itajikwaa yenyewe na kutoka."

Nilipopata nguvu nilimuuliza kamwene ndiyo nini. Akanijibu kwamba ni salamu ya kwao, na anayesalimiwa hivyo naye anaitikia kamwene, awe mzima, awe mgonjwa, hata awe amekasirika. Nikaitikia. Basi tukaanza.

Kila asubuhi aliniletea Njombe. Alikuwa akiamka, anafungua ule mlango unaokwaruza, halafu ananieleza alichokiona. Mara nyingi hakuwa ameona kitu, kwa sababu ya ukungu. Alisema ukungu wa kwao ukifunguliwa mlango unaingia ndani, unakaa, na ukiuliza nani yuko jikoni unaweza kujibiwa na mtu usiyemtarajia. Alikuwa na shamba la viazi. Alisema zamani alikuwa akilima tuta zima bila kunyanyua mgongo, na sasa analima hatua chache, anakaa juu ya jembe, anazungumza na mimi. Nilikuwa nasikia upepo kwenye ujumbe wake, na kuku, na mahali fulani mbali mtu akipasua kuni. Ninapokumbuka miezi ile, naona kama niliishi nusu yake Njombe. Najua baridi yake. Nimewahi kuamka hapa Maisaka, jua limeshawaka, nikatafuta sweta.

Naye alitaka Babati. Hakuwahi kuona kiboko, na jambo hilo lilimuuma kuliko kansa. Kila siku aliuliza viboko wameamkaje. Sasa mimi nilikuwa na miaka sijafika ziwani kwa miguu yangu, maana mtu wa Babati haendi kutazama ziwa, analipita tu. Ikabidi nianze kwenda. Nilikwenda asubuhi, polepole, nikisimama kila mahali, nikarudi na habari: leo yupo mmoja na mtoto wake, leo hawaonekani ila maji yanapumua, leo wingu limefunika Mlima Kwaraa wote mpaka mabegani. Daktari alinisifu kwa kutembea. Sikumwambia kwamba nilitumwa na mtu.

Nilipokatwa titi, nilirudi nyumbani upande mmoja mwepesi. Watu hawajui kwamba titi lina uzito. Ukilikosa moja bega linapanda, na gauni linakusema kabla hujasema mwenyewe. Mimi ni fundi, nikajishonea la kwangu, kitambaa laini cha pamba, ndani pamba ya mto, na katikati mtama mkavu ili liwe na uzito na lisipande shingoni nikinyanyua mkono. Lilikaa vizuri mno. Watu waliokuja kupima nguo walinitazama mbele na nyuma wasione kitu. Njombe alikuwa ametangulia kukatwa, na alikuwa anaweka soksi. Nilipomsikia anasema soksi, nilishona jingine siku hiyohiyo, nikalifunga kwenye boksi la viatu, nikalipeleka stendi. Juu yake niliandika "Njombe" na namba yake ya simu. Yule wa mizigo akasema mzigo wowote wa Njombe unakwenda Njombe, anataka jina la mtu. Nikamwambia huyo ndiye mtu.

Baada ya wiki chache ndipo aliponitumia ule ujumbe wa kuku, ambao nitausema mbele. Niliusikiliza nikiwa kwenye cherehani, nikacheka mpaka nikalaza kichwa juu ya sare ya mtoto wa watu. Nikamshonea jingine, hili nikalijaza kokoto ndogo za ziwani nilizozichemsha na kuzianika. Akajibu kwamba amelipokea, na kwamba sasa amevaa Babati kifuani.

Kisha kansa yake ikarudi, ikaingia kwenye mapafu. Hakuniambia, nililijua baadaye. Niliona tu ujumbe wake unafupika. Kwanza zikaondoka habari za shamba, halafu za kuku, halafu ikabaki salamu na viboko.

Kundi letu lilikuwa na mila yake juu ya kifo. Kifo hakikutangazwa. Aliyekufa, kiongozi wetu, yule nesi mstaafu, alimwondoa kundini, na simu ikaandika kwamba fulani ameondolewa, basi. Kesho yake kiongozi aliweka zaburi, na wote tuliandika amina bila kuuliza amina ya nini. Sababu ilikuwa nzuri: kuna watu walikuwa wanaingia chumba cha dripu asubuhi ileile, hawakupaswa kutishwa. Njombe aliichukia mila hiyo. Siku Mtwara alipoondolewa, aliniambia, akivuta ile pumzi yake kwanza: "Babati, mimi wasinifute kimya kimya kama maandishi ya ubaoni. Mtu alie. Hata mmoja, lakini alie kwa sauti." Nikamwambia aache uchuro. Hakuacha, alingoja mpaka nikasema sawa.

Asubuhi yenyewe nilikuwa nakunja pindo la sketi. Simu ikaangaza, nikaona yale maandishi madogo ya kijivu: Njombe ameondolewa. Nilimpigia kiongozi. Alikuwa na sauti ya upole, akasema amezikwa jana kwenye shamba lake, amekwenda bila maumivu makubwa, pole sana mdogo wangu, ila nakuomba usiandike chochote kundini, Tabora anaanza dripu nyingine leo. Nikasema nimeelewa. Nikakata simu. Nikarudi kwenye pindo, nikashona kama sentimita chache hivi, halafu nikasikia mwanamke analia kwenye ua wangu, analia kwa sauti ya kilio cha msiba kabisa, na nilishangaa ni nani, mpaka nilipoona ni mimi nimesimama katikati ya ua na sketi mkononi.

Mtaani kwetu kilio cha namna ile hakisubiri maelezo. Bibi alikuwa wa kwanza. Alipita kwenye pengo la uzio na khanga imeshafungwa kiunoni, akanishika mabega, akauliza nani.

"Dada yangu," nikasema. "Dada yangu wa Njombe."

Neno lilitoka hivyo, sikulichagua. Bibi aligeuka akaanza kuamuru. Kabla sijapata kufuta pua, mikeka ilikuwa imetoka kwenye nyumba za watu, cherehani imebebwa ndani, moto umewashwa nyuma ya nyumba. Mke wa mwenye duka la pembeni, mwanamke Mwislamu ambaye mimi na yeye tuna ugomvi mdogo usiokwisha juu ya zipu, alikuja na sukari na majani ya chai, akanikumbatia akisema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Wengine wakaleta unga, wengine maharage, wengine kuni. Kila aliyenikumbatia, nilitanguliza mkono kifuani, nimezoea.

Mume wangu alipigiwa simu kibandani kwake kwamba mke wake amefiwa. Alikuja mbio na mafuta ya injini mikononi, akaniita chumbani, akauliza kwa kunong'ona dada yupi, maana mimi sina dada. Nikamwambia ni yule wa kwenye simu. Alimjua, alizoea kusikia "kamwene" kabla ya chai yake. Akakaa kitandani, akatazama mikono yake, akauliza kama atoke akawaambie watu kwamba ni makosa. Nje walikuwa wameanza kuimba. Nilisikiliza wimbo ule, sauti za wanawake wa Maisaka wakimlilia mtu wasiyemjua, nikamwambia awaache kwanza.

Nilitaka msiba ule. Nauandika wazi kwa sababu sioni aibu tena. Nilikuwa nimeahidi kwamba atalia mtu mmoja, na Mungu akaniletea mtaa.

Nilikaa kwenye mkeka siku ile na iliyofuata, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, nikawa kama kwenye siku za dripu. Watu walikuja wakaondoka. Vivuli vya migomba vilitembea juu ya ukuta. Sauti ziliingia na kutoka, rozari ilipita na kurudi, mtu alinipa uji nikanywa, mtu alinifuta uso. Wakati mmoja nilimwona Njombe ameketi miongoni mwa wanawake, mwenye sura ya kiazi, amejifunika blanketi, anatazama yote kwa kuridhika. Sikushtuka. Nilimsogezea mkeka.

Lakini msiba una taratibu zake, na taratibu zikanifikia. Mchana wa siku ya pili Bibi alikuja kukaa mbele yangu, na wanawake wote wakanyamaza, maana alipiga kofi moja dogo. Alisema mambo mawili. La kwanza, mtaa umeamua kwamba siwezi kwenda Njombe kuona kaburi peke yangu, wameteuliwa wanawake wa kunisindikiza, na yeye ni mmoja wao, na amekwisha kumwambia binti yake amtafutie koti la baridi. La pili, jioni kutakuwa na sala ya kumwombea marehemu, na hakuna sala bila wasifu. Watu wamemlilia siku mbili hawamjui. Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, ameacha watoto wangapi, aliugua nini. "Tusimulie dada yako," akasema. "Tumjue."

Sikujua alizaliwa wapi. Sikujua alikuwa mtoto wa nani. Aliugua nini nilijua, na ndiyo iliyokuwa shida yenyewe. Ningeweza kuwatungia wasifu, mimi niliyemtunga shangazi akaishi miaka. Ningewapa dada mwenye baba na mama, mwenye ndoa ya kanisani, aliyekufa kwa shinikizo la damu, nao wangemlilia huyo vizuri kabisa. Na Njombe angebaki amefutwa, mara hii na mimi. Kumsema yeye ilikuwa ni kujisema mimi, mbele ya Bibi, aliyesema kwamba ugonjwa huu huitwa.

Mke wa mwenye duka alinisogezea maji, nikanywa. Halafu nikachukua simu.

"Mimi kumsimulia siwezi," nikasema. "Msikilizeni mwenyewe."

Nilitafuta ule ujumbe wa kuku, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaiweka simu juu ya mkeka katikati yetu. Ukaja upepo kwanza. Ukaja mlango ukikwaruza. Halafu akaja yeye, hana pumzi kwa kicheko.

"Kamwene, Babati. Usinicheke, mwenzangu. Lile titi ulilonishonea, jana nililifua nikalianika uani, nikaingia ndani kuepua sufuria. Natoka, kuku wamelizunguka wanalidonoa, jogoo kapanda juu yake kama mwenyekiti. Mtama wote chini. Yaani Babati, la kwanza limeliwa na kansa, la pili limeliwa na kuku. Sasa na wewe lako lichunge, usilianike hovyo. Kuku wa Babati nao wana njaa."

Ujumbe ukaisha kwa kikohozi chake. Mke wa mwenye duka alikuwa ameuma pindo la mtandio wake, mabega yanatikisika, na nilidhani analia mpaka kicheko kilipompasuka puani. Basi ikawa hivyo. Walicheka wanawake wa Maisaka, walicheka msibani, walicheka huku wanafuta machozi, mmoja akalala ubavu kwenye mkeka akisema jogoo, jogoo. Nami nilicheka. Halafu kicheko kikapungua kidogo kidogo, kama mvua inavyotoka kwenye bati, na mmoja baada ya mwingine wakafika kwenye yale maneno ya mwisho, wakanitazama kifuani.

Bibi hakuwa amecheka. "Na lako," alisema taratibu. Hakuwa anauliza.

Nikaingiza mkono ndani ya blauzi, nikalitoa, nikaliweka kwenye mkeka pembeni ya simu. Nikasema ndiyo, ni kansa, mimi na yeye. Nikasema hakuna shangazi. Nikasema dada huyu sikuzaliwa naye na sijawahi kumwona kwa macho, tulikutana kwenye simu kwa sababu ya ugonjwa huu, na kila asubuhi kwa muda wote walioniona nikienda ziwani nilikuwa nakwenda kwa ajili yake. Na nikasema, nikimtazama Bibi usoni, kwa sababu hasira yangu ilikuwa imefika: "Hatukuuita. Si yeye, si mimi. Ulikuja wenyewe."

Bibi alinyoosha mkono akalichukua titi langu la mtama. Alilipima kiganjani, juu, chini, kama anavyopima kila kitu kinachoingia jikoni kwake. Alilibonyeza kwa kidole gumba. Nilingoja aseme. Akampa aliyekaa kulia kwake. Yule naye akalipima, akalipitisha. Lilizunguka mkeka wote, mkono kwa mkono, hakuna aliyelirusha wala kulishika kwa ncha za vidole, na liliporudi kwangu lilikuwa limepata joto.

Jioni walimwombea. Aliyeongoza sala aliuliza jina la marehemu, na Bibi akajibu kabla yangu kwamba marehemu anaitwa Njombe, aendelee.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuanua msiba. Sijasema habari za nywele, na inabidi niseme. Hapa kwetu wengi tunaifuata ile desturi kwamba msiba ukiisha, wafiwa wananyolewa kichwa, watoto, dada na ndugu wa karibu, ndipo wanaruhusiwa kurudi shambani na sokoni kama watu wa kawaida. Usiponyoa, msiba unakuwa haujatoka nyumbani. Na mimi nilikuwa nimejifunga kilemba muda mrefu. Kila mtu alidhani ni mtindo.

Bibi alinikalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Alikuja na beseni la maji, kipande cha sabuni na wembe mpya kwenye karatasi yake. Wanawake wengine walisimama kidogo mbali, wanasuuza masufuria. Alinifungua kilemba kwa mikono miwili. Chini yake zilikuwa nywele zangu zilizoanza kurudi baada ya dripu, fupi, laini, zimelala upande kama za mtoto mchanga, mahali pengine zipo na mahali pengine bado. Hazikuwa zimeonwa na mtu ila mume wangu. Jua lilinigusa utosini nikasikia baridi.

Alisimama nyuma yangu, sikuuona uso wake. Alilowesha kiganja akakipitisha juu ya kichwa changu mara moja, polepole, kuanzia kwenye paji mpaka kisogoni. Kisha akafanya tena. Nilisikia anafungua karatasi ya wembe, halafu mkono wake ukarudi kichwani mwangu bila wembe.

"Hizi hazinyolewi," alisema hatimaye. "Hizi zimetoka mbali."

Nikamwambia desturi ni desturi, aendelee, sitaki msiba wa Njombe uishie njiani. Alikuwa mtu wa kumlilia kwa ukamilifu.

"Najua desturi," akajibu. "Nimewafundisha mimi."

Alikuja mbele yangu. Akanishika mkono akaniinua kutoka kwenye kigoda, akakaa yeye. Alivua kitambaa chake cha kichwani akakiweka mapajani, na nilimwona Bibi kichwa wazi kwa mara ya kwanza, nywele nyeupe zilizosukwa mistari midogo, ngozi inaonekana katikati. Kule nyuma masufuria yaliacha kulia. Alinyoosha mkono bila kugeuka, na wembe ulikuwa kwenye kiganja.

"Msiba lazima utoke," akasema. "Ninyoe mimi."

Nilifumua mistari yake mmoja mmoja. Nikalowesha kichwa chake, nikapaka sabuni, nikaanza nyuma ya sikio, pale ngozi ilipo laini, na nikamnyoa taratibu mpaka mwisho.